Bidhaa za msimu: mapambo yakae nje, bidhaa ibaki ile ile

Sikukuu haingoji. Bidhaa ya kila siku ikichelewa wiki 2 kufika dukani, mteja ataikuta wiki ya 3 na atainunua. Iliyopambwa kwa ajili ya msimu ikichelewa kiasi hicho hicho, hakuna wa kuiuliza tena. Wazalishaji wadogo huja kwenye kitengo chetu cha ufungashaji na maboksi yaliyobaki, wakitaka kujua wayauze wapi. Mimi huwauliza swali jingine: humo ndani kimeharibika nini? Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Sabuni bado ni sabuni, mshumaa bado ni mshumaa. Kilichopitwa na wakati ni picha.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu: msimu usichapwe kwenye kifungashio kinachogusa bidhaa. Chupa, kopo au pakiti ibaki na lebo yake ya siku zote, yenye viambato, ujazo, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Mapambo yawe kwenye mshipi wa karatasi unaozungushwa juu ya boksi, au kwenye stika, na yavishwe mwishoni kabisa, oda zikishaanza kuonekana. Msimu ukipita, mshipi unavuliwa na bidhaa inarudi kwenye mauzo ya kawaida. Kampuni kubwa zimelitumia wazo hili kwa muda mrefu. HP, kwa mfano, ilisafirisha printa zake za DeskJet zikiwa za aina moja hadi kwenye vituo vya usambazaji, na huko ndiko zilikowekewa vifaa vya umeme na vitabu vya maelekezo vya nchi zilikokwenda.

Faida ya kufanya hivyo inaweza kupigiwa hesabu. Wataalamu wa akiba ya bidhaa wana kanuni waliyoijenga juu ya mfano wa muuza magazeti, ambaye lazima aamue alfajiri anunue nakala ngapi, kwa kuwa jioni gazeti halina mnunuzi. Chukua faida unayoikosa kwa kila kipande kinachopungua. Igawe kwa jumla ya faida hiyo na hasara ya kila kipande kinachobaki. Tuseme faida ni 2, na boksi lililochapwa msimu likibaki unapoteza 3. Unapata 2 kwa 5, yaani 0.40: agiza kiasi ambacho kina uwezekano wa asilimia 40 tu wa kuwatosha wateja wote bila kupungua. Kanuni inakutaka uwe mwoga. Sasa hamishia msimu kwenye mshipi. Bidhaa itauzwa baadaye kwa bei yake, unachopoteza ni karatasi, tuseme 0.5. Hesabu inakuwa 2 kwa 2.5, yaani 0.80. Soko halijabadilika hata kidogo, lakini sasa unaweza kuagiza kwa ujasiri, na mteja wa siku za mwisho naye anapata.

Mshipi usifunike msimbopau wala tarehe. Ukilazimika kuufunika, namba ile ile ichapwe juu ya mshipi, na keshia asikute misimbopau miwili inayogombana. Kwa kanuni za GS1, shirika la kimataifa linalosimamia namba za misimbopau, kubadilisha picha pekee hakuhitaji namba mpya kwenye bidhaa ya mlaji, ila kubadilisha ujazo uliotajwa kunahitaji. Wanaoongeza "asilimia 10 ya bure" kwa ajili ya msimu huteleza hapo.

Ratiba hupangwa kinyumenyume, kuanzia siku ya sikukuu kurudi leo. Tuseme unataka bidhaa iwe dukani wiki 4 kabla. Usafirishaji wiki 2, kufungasha wiki 3, akiba ya dharura wiki 1, uchapaji wiki 4, michoro na kuidhinisha wiki 3. Jumla ni wiki 17, karibu miezi minne. Wengi wakiiona namba hii hushtuka, kisha wanaanza kupunguza wiki ya akiba. Tafadhali usiiguse hiyo. Punguza kwenye kuidhinisha, kwa sababu huko ndiko siku nyingi zinakopotea: mchoro unazunguka kwa watu watano, kila mmoja anabadilisha neno, na mchapaji anasubiri. Chagua mtu mmoja wa kuweka sahihi. Wengine watoe maoni yao kabla ya tarehe fulani, au wanyamaze.

Na anayeweka sahihi asiidhinishe kwa kutazama skrini ya simu. Rangi ya skrini ni mwanga, ya karatasi ni wino, na haziwi sawa. Kabla hata ya rangi, omba sampuli nyeupe isiyochapwa, iliyokatwa kwa karatasi ile ile itakayotumika. Weka bidhaa halisi ndani, funga, tikisa, iangushe. Nimeshuhudia maboksi mazuri ajabu yakirudishwa yote kwa sababu kifuniko cha chupa kilizidi kimo cha boksi kwa milimita chache. Kipimo kilichukuliwa kwenye mchoro, si kwenye chupa.

Siku za kufungasha zikifika, tafuta hatua inayokwenda polepole kuliko zote. Kama kujaza ni vipande 20 kwa dakika, kubandika lebo 20, na kukunja maboksi 12, basi unatoa 12, hata ungenunua mashine ya kujazia ya kasi mara mbili. Kwa saa 7 za kazi ni vipande 5,040 badala ya 8,400. Dawa huenda ikawa kumhamishia mtu mmoja kwenye kukunja, au kununua maboksi ambayo tako lake limeshabandikwa gundi. Vibarua wa msimu wape sampuli iliyokamilika, iwe mbele ya macho yao mezani. Mkono mgeni hujifunza haraka kwa kuona kuliko kwa kuelezwa.

Kubadilisha kutoka bidhaa moja kwenda nyingine kuna hatari kuliko watu wanavyodhani. Shigeo Shingo, mhandisi wa Japani, alifundisha kutenganisha kazi zinazohitaji mashine isimame na zile zinazoweza kufanywa ikiwa bado inazunguka, akilenga mabadiliko yachukue chini ya dakika 10. Fuata hilo: lebo, gundi na maboksi ya bidhaa inayofuata yasogezwe karibu mapema. Lakini usogeze bila kuchanganya. Lebo moja ya zamani iliyosahaulika mezani ikibandikwa kwenye bidhaa yenye viambato vingine, mtu mwenye mzio anaweza kuumia vibaya. Meza isafishwe, lebo zilizobaki zihesabiwe na ziondoke chumbani, ndipo kazi mpya ianze. Hapa sikubali haraka ya aina yoyote.

Katoni zinazofika mapema zitunzwe pakavu, juu ya paleti, mbali na ukuta. Karatasi ikinyonya unyevu hupoteza nguvu. Zikishajazwa, zipangwe pembe juu ya pembe, maana pembe ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya uzito, na zisitokeze nje ya paleti.

Wiki ile ile msimu unapoisha, hesabu kila kilichobaki: mishipi, stika, katoni. Kama hukuchapa mwaka, mishipi iliyokaa pakavu itakufaa msimu ujao, ilhali stika zilizokaa muda mrefu zijaribiwe kwanza kama gundi bado inashika. Andika tarehe halisi ya kila hatua kando ya ile uliyoipanga, kisha iweke karatasi hiyo ndani ya katoni ya mishipi, juu kabisa, aikute atakayeifungua.