Siliaki ya utotoni, je mtoto akikua inaisha?

Haiishi. Naanza na jibu kabisa maana wazazi wengi huku Mbeya wanaambiwa mwache akue tu, tumbo litazoea ngano, na ukweli ni kwamba tumbo halizoei. Siliaki ni ugonjwa ambapo kinga ya mwili wa mtoto mwenyewe inageuka na kushambulia utumbo mdogo kila gluteni inapoingia, yaani ile protini iliyopo kwenye ngano na shayiri. Vile vinyweleo vya ndani ya utumbo vinavyofyonza chakula vinasinyaa, ndo mana mtoto anakula vizuri tu ila anaharisha, tumbo limejaa, anapungukiwa damu, na urefu hauongezeki.

Sasa kinachodanganya watu ni hiki, akifika umri wa kubalehe dalili zinaweza kutulia hata kama anakula chapati kila asubuhi, basi nyumbani wanashukuru Mungu amepona, kumbe utumbo unaendelea kuumia kimyakimya alafu ukubwani inarudi kwa sura nyingine kabisa: upungufu wa damu usiosikia vidonge, mifupa dhaifu, shida ya kupata ujauzito, na kwa wachache saratani ya utumbo. Hata madaktari walidanganyika. Mwaka 1924 daktari Sidney Haas wa New York aliwalisha watoto hawa ndizi, wakanenepa, akaamini wamepona. Kilichowasaidia ni kukosa mkate, na hilo lilikuja kueleweka baadae kupitia daktari wa Uholanzi, Willem Dicke.

Kwahiyo ni kuacha gluteni maisha yote, dawa ya kuiponya bado haipo. Kwetu chakula sio tatizo jamani, ugali, mchele wa Kyela, ndizi za Tukuyu, viazi vya Njombe, maharage, ulezi, vyote ruksa. Tatizo lipo mashineni, maana mashine ikitoka kusaga ngano ya mtu wa Makete alafu ukamwaga mahindi yako, unga unaotoka mwanzo una ngano ya mwenzio. Na uji wa lishe wa kuchanganya, uliza umewekwa nini, wengi wanatia ngano. Akishakuwa kijana mwambie na bia pia, nyingi zina shayiri.

Kama unahisi mwanao anayo, usimwachishe ngano kabla ya kipimo cha damu, akiacha mapema kipimo kinaweza kusoma hana wakati anayo.