Je, wajua seli hutambuaje mitokondria iliyochakaa?

Seli moja ya msuli wa moyo ina maelfu ya mitokondria, vile vinu vidogo vinavyotumia oksijeni kutengeneza nishati kutokana na chakula. Kazi hiyo huzalisha pia kemikali kali zinazounguza utando, protini na hata DNA ya mitokondria yenyewe. Iliyoharibika ni hasara mara mbili: nishati inapungua, sumu inaongezeka. Lazima iondolewe. Lakini kati ya maelfu, seli inaijuaje?

Jibu lake mimi hunifurahisha kila nikilifikiria. Mitokondria nzima ina umeme kwenye utando wake wa ndani, na umeme huo ndio husaidia kuvuta protini kuingia. Protini iitwayo PINK1 hutengenezwa saa zote na kwenda kubisha hodi kwa kila mitokondria. Kwenye mitokondria nzima inavutwa ndani, inakatwa, kisha inaharibiwa. Ndiyo maana katika seli yenye afya huioni kwa urahisi. Umeme ukizimika, PINK1 haina wa kuikaribisha, basi inarundikana barazani, yaani juu ya utando wa nje. Mrundikano huo ndio taarifa ya msiba. PINK1 huiamsha protini nyingine, Parkin, nayo hubandika alama za ubikwitini, protini ndogo, juu ya mitokondria hiyo. Utando huja kuizungushia kama mfuko, mfuko unaungana na laisosomu, kifuko cha usagaji cha seli chenye asidi na vimeng'enya, na kilichomo kinasagwa. Malighafi hutumika upya. Utaratibu huu huitwa mitofaji.

Jeni ya Parkin iligunduliwa Japani mwaka 1998, kwa wagonjwa waliopata ugonjwa wa Parkinson, ule wa neva unaoleta kutetemeka na ukakamavu, wakiwa bado vijana. Kazi yake kwenye mitokondria mbovu ilionekana mwaka 2008, katika maabara ya Richard Youle nchini Marekani.

Uzee unaingiaje? Katika tishu nyingi za wanyama waliochunguzwa, mitofaji hupungua umri unaposonga. Seli za ngozi hugawanyika na kubadilishwa, lakini neva nyingi za ubongo ulizozaliwa nazo ndizo utakazozeeka nazo, kwa hiyo takataka zisipoondolewa zinabaki humo humo. Hata hivyo tusiitwishe PINK1 na Parkin mzigo wote: panya wasio na Parkin hawapati ugonjwa kamili wa Parkinson kama wa binadamu, na zipo njia nyingine za kuondoa mitokondria. Chembe nyekundu za damu, kwa mfano, zinapokomaa hufuta mitokondria zote kwa kutumia protini iitwayo NIX.

Mazoezi ya mwili huchochea mitofaji kwenye misuli. Kuna pia urolithini A, kemikali inayochochea mitofaji, ambayo imerefusha maisha ya minyoo maabarani. Kwa binadamu majaribio yamegusa zaidi misuli, na matokeo ni ya kiasi tu, chochote watakachokuambia wauza vidonge. Hutokana na komamanga, ila haimo ndani ya tunda: bakteria wa utumbo ndio huitengeneza, na si kila mtu anao.