Trela jipya la kambi: yanayosemwa na yalivyo

“Ni jipya, halina haja ya kukaguliwa.”

Dhana hii ndiyo inayong’oa magurudumu. Rimu mpya huwa na rangi pale nati zinapokaa. Trela likianza kutembea, rangi ile husagika, rimu ikajikalia vizuri kwenye habu (kitovu ambacho gurudumu hufungwa juu yake), na nati zilizokazwa sawasawa karakanani zikalegea bila mtu kuzigusa. Zikaze upya baada ya kilomita 50 hivi, kisha tena zikifika 150. Tumia spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, na kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha trela, na uruke kutoka nati moja hadi iliyo mkabala nayo badala ya kuzifuata kwa mzunguko. Kuikanyagia wilispana kwa mguu si kukaza, ni kunyosha boliti.

Anayetoka Nairobi kwenda Naivasha kwa barabara ya chini anaweza kusimama Mai Mahiu. Hapo aguse pia habu. Tahadhari moja: umetoka kuteremka ukingo wa Bonde la Ufa, na breki za trela zinazojifunga kwa msukumo wake lenyewe hufanya kazi kila gari linapopunguza mwendo, hata ukipunguza kwa gia. Kwa hiyo joto la pande zote mbili ni la kawaida. Linganisha kushoto na kulia. Upande mmoja ukiwa wa moto kupita mwenzake, ama beringi imebanwa mno, ama breki haiachii. Inua gurudumu kwa jeki ulizungushe kwa mkono; likikwaruza au likigoma, usiendelee.

“Mzigo mzito uwekwe nyuma, ili gari lisielemewe.”

Kinyume chake. Shingo ya trela, yaani mkono wa mbele unaoshikana na ndoano ya gari, ikiwa nyepesi, mkia huanza kupunga, na kadiri mwendo unavyoongezeka ndivyo unavyopunga zaidi. Lenga asilimia 10 hivi ya uzito wote ishuke kwenye shingo: trela la kilo 900 likandamize kwa kilo 90, mradi gari na ndoano yake vimeruhusiwa kubeba kiasi hicho. Kupima ni rahisi. Egesha mahali tambarare, zuia magurudumu, kisha tuliza kichwa cha trela juu ya kipande cha mbao kilichosimamishwa kwenye mizani ya kupimia uzito wa mwili, kwa kimo kilekile cha ndoano ya gari.

Pima likiwa limepakiwa, maji yakiwemo. Wengi husahau kwamba lita moja ni kilo moja. Tangi la lita 60 lililo mita moja nyuma ya ekseli, kwenye trela ambalo ndoano iko mita tatu mbele ya ekseli, huipunguzia shingo kilo 20. Zile 90 zimekuwa 70, na uzito wote umepanda hadi 960. Hapo umeshuka hadi asilimia 7 na kidogo, nawe umejaza maji tu.

“Likiyumba, piga breki.”

Usipige. Shika usukani bila kuupinda, achia mafuta, liache litulie lenyewe. Kuongeza mwendo ili “kulinyoosha” ni kubaya zaidi.

“Betri ya trela itajaa tukiwa njiani.”

Kwa waya mwembamba wa taa, haijai. Waya wa milimita 2.5 za mraba, mita 6 kwenda na 6 kurudi, ukipitisha ampia 10 za friji hupoteza karibu volti 0.8. Gari likitoa 13.8, nyuma hufika 13 tu, ilhali betri ya asidi hutaka zaidi ya 14 ili ijae. Vuta waya wa milimita 16 za mraba wenye fyuzi karibu na betri ya gari, na ufunge ndani ya trela chaja inayopandisha volti. Friji nayo iwashe nyumbani kwenye umeme siku moja kabla. Kupoza soda za moto njiani ndiko kunakomaliza betri.

“Gesi ikivuja tutaisikia harufu.”

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo hulala sakafuni, chini ya pua. Paka povu la sabuni kwenye kila kiungio baada ya safari ya barabara mbovu, kwa sababu mtikisiko hulegeza. Mtungi ufungwe kabla ya kuondoka, usimame wima, na sanduku lake liwe na tundu chini.

“Hema linavuja, turudishe dukani.”

Kama ni turubai la pamba, subiri kwanza. Matundu ya sindano huzibika nyuzi zikivimba kwa maji. Lisimamishe uani, liloweshe kwa bomba bila sabuni, liache likauke kabisa, urudie mara mbili au tatu. Na ukivunja kambi asubuhi ya umande, lifungue tena siku hiyohiyo ufikapo nyumbani. Ukungu hausubiri wikendi ijayo.