Gari linapiga selfu lakini haliwaki: pima wakati selfu inazunguka

Mteja akinipigia simu na kuniambia kuwa gari lake haliwaki, kabla ya kumuuliza ni gari gani huwa namuuliza anasikia nini anapozungusha ufunguo. Akijibu kwamba kuna kimya, au mlio mmoja tu wa "tak", basi shida iko kwenye betri, terminali zake, swichi au selfu yenyewe, na hayo ni mazungumzo ya siku nyingine. Ninachokieleza hapa ni ile hali ambayo selfu inazungusha injini bila shida lakini injini haishiki moto. Nazungumzia injini za petroli ambazo nozeli zake (vinavyopulizia petroli) zinaongozwa na kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, kama 1NZ-FE ya lita 1.5 iliyomo katika Toyota IST nyingi zinazotoka Japani zikiwa zimetumika. Dizeli ina tabia zake.

Kila fundi anajua kwamba injini ya namna hii inataka hewa, petroli, cheche kwa wakati wake na kompresheni, yaani mkandamizo wa hewa ndani ya silinda. Ugumu unatokana na jinsi vitu hivyo vinavyopimwa: ufunguo unawekwa kwenye ON, fyuzi zinakaguliwa, umeme unaonekana kufika kila mahali, na kwa kuwa kila kitu kinaonekana kizima, pampu inabadilishwa kwa kubahatisha. Lakini gari halikatai kuwaka likiwa kwenye ON. Linakataa wakati selfu inavuta umeme mwingi kuliko kifaa kingine chochote ndani ya gari, na kipimo kilichochukuliwa kabla ya hapo kinaweza kuwa sahihi kabisa na bado kisikusaidie chochote.

Kipimo cha kwanza hakihitaji chombo. Injini yenye kompresheni huzunguka kwa mdundo unaopanda na kushuka kila silinda inapokandamiza hewa. Ukisikia inazunguka kwa kasi isiyo ya kawaida na kwa mlio mmoja laini, acha selfu mara moja: huenda mkanda wa taimingi (unaoendesha valvu kwa mpangilio na pistoni) umekatika au cheni inayofanya kazi hiyo imeruka meno, na katika injini ambazo valvu zinaweza kukutana na pistoni, kila mzunguko unaoongeza unazidi kuharibu. Ikizunguka kwa uzito, weka mita kwenye betri. Betri iliyojaa husoma kama volti 12.6 ikiwa imetulia, na wakati wa kupiga selfu isishuke chini ya volti 9.6 au karibu na hapo. Ikishuka zaidi, selfu inaweza kuendelea kujikokota huku kontroli boksi ikizima na kuwaka, na katika hali hiyo hakuna cheche wala petroli itakayotoka kwa mpangilio.

Baada ya hapo naangalia dashibodi. Taa ya cheki injini lazima iwake ufunguo ukiwa kwenye ON. Isipowaka, na balbu yake ikiwa nzima, kontroli boksi haina umeme, nami huanzia kwenye fyuzi na relei (swichi za umeme) zilizoandikwa EFI, yaani za mfumo wa nozeli. Kama gari lina imobilaiza (kinga ya wizi inayotambua ufunguo) na taa yake inaendelea kumweka baada ya ufunguo kuingia, chipu ya ufunguo haijatambuliwa. Toyota nyingi za aina hiyo huruhusu selfu izunguke lakini huzuia moto, na mwenye gari huapa kwamba ni pampu. Kisha, wakati selfu inazunguka, natazama mshale wa mizunguko au, vizuri zaidi, nasoma mizunguko kwenye mashine ya kupimia inayochomekwa kwenye kontroli boksi. Injini inayozungushwa na selfu inapaswa kuonyesha takriban mizunguko 200 kwa dakika au zaidi kidogo. Mashine ikionyesha sifuri huku injini inazunguka mbele ya macho yako, sensa ya krenki (inayoiambia kontroli boksi kwamba injini inazunguka) au waya zake ndiyo mahali pa kuanzia, hata kama P0335, msimbo wa hitilafu ya sensa hiyo, haujajiandika.

Hapa ndipo pampu za petroli zinapohukumiwa bila kosa. Ushauri unaosambaa sana ni kuweka ufunguo kwenye ON na kusikiliza pampu ikivuma kwa sekunde mbili. Kwa magari mengi ushauri huo ni sawa, ila katika Toyota nyingi pampu haitoi sauti yoyote kwenye ON, kwa sababu relei yake haipitishi umeme mpaka kontroli boksi ipate ishara kwamba injini inazunguka. Kwa hiyo sensa ya krenki iliyokufa hunyamazisha cheche, nozeli na pampu kwa pamoja. Anayepima pampu peke yake atanunua pampu. Mimi huunganisha geji ya presha, mtu mwingine anapiga selfu, na katika injini hizi natarajia paundi 44 hadi 50 kwa inchi ya mraba. Presha ikikosekana na mizunguko inasomeka, natafuta umeme kwenye kiunganishi cha waya za pampu chini ya kiti cha nyuma. Katika magari yetu naongeza swali moja: je, kuna alamu au kifaa cha kufuatilia gari kilichofungwa baadaye? Vifaa hivyo mara nyingi hukata waya wa pampu kupitia relei ndogo iliyofichwa, na viungo vilivyosokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu hulegea. (Na kabla ya yote hayo, lita tano za petroli ni rahisi kuliko kuliamini boya la tangi linaloendesha geji ya petroli.)

Kwa upande wa cheche, kosa ninalolipenda kulieleza ni la swichi ya ufunguo. Kuna gari dogo lililoletwa kwangu likiwa na koili mpya (zinazotengeneza umeme wa cheche) na plagi mpya (zinazotoa cheche ndani ya silinda). Kwenye ON, koili zilipata zaidi ya volti 12. Selfu ilipoanza kuzunguka, umeme ule ulipotea wote. Miguso ndani ya swichi ilikuwa imeungua, hivyo katika nafasi ya kuwashia ilipeleka umeme kwenye selfu lakini ikaukata kwenye koili. Dalili yake mwenye gari alikuwa ameitaja bila kujua: injini ilikuwa ikikohoa pale tu alipoachia ufunguo, kwa sababu ufunguo ulikuwa ukirudi kwenye ON huku injini bado inazunguka kwa nguvu iliyobaki.

Vipimo vyote vikiwa vizuri, fungua plagi. Zikiwa zimelowa petroli, muulize mwenye gari kama aliliwasha asubuhi, akalisogeza mita chache na kulizima likiwa la baridi. Petroli nyingi ya wakati wa ubaridi huosha oili kwenye kuta za silinda, kompresheni inashuka, na kila unapopiga selfu unaongeza petroli. Kausha plagi, dondosha oili ya injini kidogo sana katika kila silinda, zirudishe, kisha kanyaga pedali ya mafuta mpaka mwisho na upige selfu kwa sekunde chache; pedali ikiwa chini kabisa, kontroli boksi nyingi hufunga nozeli. Liache litoe moshi kwa dakika moja au mbili likishawaka, halafu uvute kijiti cha oili na ukinuse. Kikinuka petroli, badilisha oili kabla gari halijatoka gereji.