Ultrasaundi kwenye goti lililosagika: dakika tano zinafanya kazi gani hasa

Mashine inayopakwa jeli na kuzungushwa juu ya goti ni ndugu wa ile ya kuangalizia mtoto tumboni, ila kazi zao ziko mbalimbali. Ya picha hurusha mawimbi dhaifu ya sauti na kusikiliza mwangwi wake. Ya tiba hurusha mawimbi yenye nguvu zaidi, ya megahezi 1 au 3 (megahezi 1 ni mitetemo milioni moja kwa sekunde), ambayo nyama huyameza na kuyageuza joto. Tishu zenye nyuzi nyingi, kama kano na mfuko unaolizunguka goti, huyameza kuliko mafuta. Mfupa nao huyameza mno, ndiyo sababu hayawezi kuupita na kuingia katikati ya goti. Mgonjwa akiahidiwa kwamba mashine itaotesha gegedu lililolika, anaahidiwa kitu ambacho hakijathibitishwa.

Je, maumivu yanapungua? Mapitio ya mwaka 2010 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, yalikusanya tafiti 5 ndogo zenye wagonjwa 341 wa goti lililosagika. Kwa wastani, waliotibiwa walipata nafuu ya ziada ya takriban alama 1.2 kwenye kipimo cha 0 hadi 10, na waandishi wenyewe wakakiri kwamba ubora wa ushahidi ni mdogo. Mwaka 2022 NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, ikatoa mwongozo unaosema ultrasaundi isitolewe kwa wagonjwa hawa kwa sababu ushahidi wa faida hautoshi. Msimamo wangu uko karibu na wa NICE: goti lililosagika lisitibiwe kwa mashine peke yake. Mahali ambapo bado naiona na nafasi ni kulainisha sehemu ndogo iliyokakamaa kabla ya kuinyoosha, na hapo pia kwa sharti kwamba dozi iwe dozi kweli.

Dozi ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Chukua kichwa cha mashine chenye eneo la kutoa mawimbi la sentimita 5 za mraba, kikiwa kwenye wati 1 kwa kila sentimita ya mraba. Kwa dakika 5 kinatoa jouli 1,500. Ukikizungusha kwenye eneo la sentimita 10 za mraba, yaani mara mbili ya kichwa, kila sentimita inapata jouli 150. Ukikitembeza mbele yote ya goti, tuseme sentimita 100 za mraba, kila sentimita inapata 15 tu. Muda ni uleule, malipo ni yaleyale, dozi imebaki sehemu moja ya kumi.

Hata dozi iliyokaa vizuri ina mipaka. Vipimo vilivyofanywa kwenye msuli wa shavu la mguu vilionyesha kwamba megahezi 1 kwa wati 1, mawimbi yakitoka mfululizo, hupandisha joto kama nyuzi 0.2 za Selsiasi kwa dakika. Dakika 5 ni nyuzi 1. Ili nyuzi za kano zilegee na kuvutika inatakiwa ongezeko la joto la nyuzi 3 hadi 4. Megahezi 3 hupasha takriban mara tatu ya hapo, lakini huishia kina cha sentimita 1 hadi 2, wakati megahezi 1 hufika hadi kama 5. Upande wa ndani wa goti hakuna nyama nene, kwa hiyo megahezi 3 ndiyo inayofaa pale kwa watu wengi; anza na wati 0.5 hadi 0.8, maana mfupa uko karibu. Na mashine ikiwekwa kwenye asilimia 20, yaani mawimbi ya kukatizwa yanayotoka moja ya tano tu ya muda, usitarajie joto la maana.

Goti likunjwe kidogo, mto mdogo chini yake, ili mwanya wa kiungo pembeni mwa kilegesambwa upapasike kwa kidole. Jeli iwe ya kutosha na isiwe na mapovu: mawimbi karibu yote hurudi nyuma yakikutana na hewa. Mafuta mazito ya kupaka na baadhi ya krimu za dawa huyazuia pia. Kichwa kilale bapa kwenye ngozi na kitembee polepole, kama sentimita 4 kwa sekunde, bila kusimama. Mgonjwa akisema anahisi kuchomwa au kuumwa ndani kabisa, utando wa mfupa umepata joto kupita kiasi. Punguza wati au hama mahali. Asiambiwe avumilie.

Baada ya kuzima, joto hudumu dakika chache tu. Kunyoosha kuanze papo hapo, jeli ikiwa bado haijafutwa. Ukimwacha mgonjwa akavae viatu kwanza, nafasi imepita.

Mashine yenyewe huzeeka kimyakimya: taa inawaka, saa inahesabu, kichwa hakitoi kitu. Zungushia plasta ukingo wa kichwa kiwe kama kikombe, tia maji kidogo, kisha washa. Maji yakitulia tuli, kichwa kina kasoro. Yakitikisika, umejua tu kwamba mawimbi yanatoka. Kiasi chake kinahitaji fundi mwenye kipimo.

Usiiweke kabisa penye saratani, maambukizi, damu iliyoganda kwenye mshipa, au ngozi isiyotofautisha moto na baridi, jambo linalowapata baadhi ya wenye kisukari. Goti la bandia lililogandishwa kwa saruji ya mifupa liachwe. Mtoto anayekua naye aachwe, kwani ncha za mifupa yake bado zinarefuka. Mtoto mwenye selimundu akiwa na goti la moto na homa anahitaji daktari siku hiyohiyo.

Muda mwingi wa kliniki uende kwenye mazoezi ya msuli wa paja. Kuketi na kusimama kwenye kiti bila kushika, mara 10, mizunguko 3, siku tatu kwa wiki, ni mwanzo mzuri; kiti kikiwa kifupi mno, ongeza mto. Kwa mwenye uzito mkubwa, kila kilo inayopungua huliondolea goti mzigo wa kama kilo 4 kwa kila hatua. Fimbo ishikwe mkono wa upande wa goti zima.

Kabla ya kulipia, mwandikie mgonjwa alama ya maumivu kati ya 0 na 10 akiwa anashuka ngazi. Baada ya mara 6, kama haijashuka angalau kwa 2, mimi huiweka mashine pembeni na muda wake nauhamishia kwenye kiti.