Kijiti cha Sokwe na Chambo cha Kulasitara

Katika kazi yangu ya kuchunguza tabia za wanyama, mara kwa mara huulizwa iwapo ndege anayevua samaki kwa chambo ana akili sawa na sokwe anayevua mchwa kwa kijiti. Mimi hupendelea kuuliza kwanza kila mmoja ameupataje ujuzi huo.

Mwaka 1960, huko Gombe kando ya Ziwa Tanganyika, mtafiti wa sokwe Jane Goodall alimwona dume aliyempa jina la David Greybeard akichomeka ubua wa nyasi kwenye kichuguu. Mimi nilimtazama jike mmoja mvua zilipoanza: alikwangua udongo uliofunika tundu, akachuma kijiti, akanyofoa majani yake, akang'ata ncha iliyopinda, kisha akakiingiza taratibu na kukiacha kitulie. Mchwa askari walipokiuma, alikivuta bila kukitikisa, akawapangusa kwa midomo. Mtoto wake alikaa ubavuni, macho hayabanduki mkononi mwa mama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba watoto wa kike wa Gombe, ambao huwatazama mama zao kwa muda mrefu zaidi, huanza kuvua mchwa zaidi ya miaka miwili mapema kuliko wa kiume, ambao hutekwa zaidi na michezo.

Kulasitara mdogo mwenye mgongo wa kijani, Butorides striata, anapatikana pia katika mikoko ya pwani yetu, na kwa kawaida husimama tu kwenye mizizi akingoja. Hata hivyo, baadhi yao, wakiwemo waliochunguzwa Kumamoto, Japani, katika miaka ya 1980, huokota mdudu, unyoya au kipande cha mkate, wakakidondosha majini na kujikunyata. Maji yakikisogeza, hukifuata na kukirudisha. Kinachonigusa zaidi ni ule mkate: ndege mwenye njaa anaachia chakula kilichomo mdomoni kwa ajili ya samaki ambaye bado hajafika.

Hapo narudi kwenye swali langu la mwanzo, la jinsi kila mmoja anavyoupata ujuzi wake: sokwe hunyonya kwa miaka minne au mitano na huendelea kuandamana na mama yake kwa miaka mingine mingi, ilhali kinda wa kulasitara huondoka kiotani baada ya wiki chache tu na hulazimika kujitafutia. Huko Kumamoto, wale wachanga nao walitupa chambo, lakini walinasa samaki wachache kuliko wakubwa.