Msimu wa kutafuta chakula: mfano wa fuko asiye na manyoya

Mtu akisema mnyama fulani ana msimu wa kutafuta chakula, wengi tunadhani chakula chenyewe huja na kuondoka, kama maembe. Si lazima. Fuko asiye na manyoya, yule mnyama wa ngozi iliyokunjamana anayeishi chini ya nyika kavu za Ethiopia, Somalia na Kenya, ana chakula mwaka mzima. Kinachobadilika ni udongo.

Fuko hula viazi vya mwituni na mizizi minene ambamo mimea ya nyika huhifadhi maji. Hanywi maji, yaliyomo kwenye kiazi yanamtosha. Kazi ni kukipata. Haoni vizuri, wala hatoki juu kutazama mmea umeota wapi. Huchimba tu kwa meno mpaka akigonge.

Kiangazi ardhi hiyo hukauka ikawa kama tofali, na mchimbaji mwenyewe ana gramu 35 hivi. Kwa hiyo mvua ikinyesha, ukoo mzima huingia kazini. Mmoja hutafuna udongo mbele, wenzake huusukuma kinyumenyume, wa mwisho huurusha nje kwa miguu ya nyuma. Nyakati hizo, pande za Mtito Andei nchini Kenya, unaweza kuona vilima vidogo vikitema udongo kama volkano.

Mvua zikikatika, wanakula walichokwisha kukipata. Kiazi kikubwa hawakimalizi: hutoboa, hula nyama ya ndani, huacha ganda, kisha mara nyingi huziba tundu kwa udongo. Kiazi huendelea kukua, na kimoja kinaweza kuwalisha kwa miezi mingi. Hula pia kinyesi chao (samahani kwa walio mezani), maana chakula chenye nyuzi nyingi hakimeng'enywi chote kwa safari moja.

Katika ugumu huu wa kukipata chakula ndipo wanasayansi wengi wanapoona sababu ya maisha yao ya kijumuiya, yenye malkia mmoja anayezaa na wafanyakazi wengi, kama mchwa. Maisha hayo yalielezwa mwaka 1981 na Jennifer Jarvis, mtafiti wa wanyama hawa. Koloni, yaani ukoo mmoja, huwa na wastani wa mafuko 70 hadi 80. Viazi vimekaa mbalimbali na mvua ni za kubahatisha, hivyo wachimbaji wengi hupekua eneo kubwa kabla udongo haujakauka tena. Aliye peke yake anaweza kufa njaa mita chache tu kutoka kwenye kiazi.